Ugoko Wangu na Umeme wa Bunda

Daktari aliniuliza mara tatu kama nasikia maumivu, na mara zote tatu nikamjibu sisikii. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nasikia mpaka kwenye mizizi ya meno ya juu, sehemu ambayo haina hata ujirani na ugoko. Lakini mlango ulikuwa wazi nusu, na kwenye benchi la nje alikaa mjomba wangu Wambura na fimbo yake, ametega sikio. Basi mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, nikaona afadhali nife mwanaume kuliko nipone huku nimesema "aah".

Huo ndio ujinga wangu, nimeuweka hapa mbele usihangaike kuutafuta. Uliniongezea miezi ya ugonjwa ambayo haikuwa ya lazima, na nusura uninyang'anye mguu. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye kidonda kisichopona, ambaye anasoma haya amejilaza, mguu juu ya mto, huku amezungukwa na watu wanaojua kila kitu. Nawajua hao watu. Nitawafikia.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Bweri, Musoma. Kibanda changu ni baraza ya nyumba yangu. Kutoka kitandani mpaka kazini ni hatua tisa, na siku za baridi naziona nyingi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikatoka na cheti ambacho marehemu mama alikitia fremu, nadhani kwa huruma. Safari sizipendi. Wenzangu wanaenda Mwanza asubuhi wanarudi jioni wakipiga miluzi. Mimi nikienda Bunda nawaaga majirani nyumba kwa nyumba. Mke wangu, Mama Neema, anauza dagaa sokoni, na yeye husema kwamba hakuolewa na mume, aliolewa na kabati: liko pale pale, na halisogei mpaka lisukumwe.

Kovu lililonitesa nililipata utotoni kwetu Butiama, zizini kwa babu. Jioni tulikuwa tunawasha moto wa mavi makavu ya ng'ombe ili moshi ufukuze nzi na mbu, na sisi watoto tulikuwa tunaruka juu yake. Niliruka vizuri mara nyingi sana na vibaya mara moja. Likabaki kovu kwenye ugoko wa kulia, kubwa kama kiganja, linang'aa. Sikulifikiria tena kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kiangazi cha mwaka juzi likaanza kuwasha. Kisha pakatoka kidonda kidogo, leo kimefunga, kesho kimefunguka. Kisha katikati pakaota kinyama, kikachanua kama koliflawa. Mama Neema akasema, "Nenda hospitali." Mimi nikaenda Butiama kwa mjomba, kwa sababu hospitali kuna foleni na kwa mjomba kuna maziwa.

Mjomba Wambura alinishika mguu, akaugeuza kama anayetaka kuununua, akaingia ndani akatoka na mrututu, yale mawe ya bluu tunayosaga na kupaka ng'ombe wenye chunjua.

"Mjomba," nikamwambia, "hiyo si dawa ya ng'ombe?"

"Na wewe umekula ng'ombe wangapi tangu uzaliwe? Nyama ni ile ile. Leta mguu."

Nilisoma biolojia miaka minne. Nikaleta mguu.

Iliunguza kwa namna ambayo sitaieleza kwa sababu kuna watoto wanasoma. Kinyama kikakauka, kikadondoka, na mimi nikatembea wiki mbili mtaa mzima nimekunja suruali, nikiwasimulia watu jinsi wataalamu wa mjini walivyo wezi. Wiki ya tatu kikarudi. Kikarudi na ndugu zake wawili, wamekaa kwenye ukingo wa juu karibu na shavu la mguu, na ngozi yote inayowazunguka ikawa ngumu kama kandambili ya zamani. Halafu ikaja harufu.

Harufu ndiyo watu hawakuambiagi. Maumivu unaweza kuyaficha, harufu inatangulia sebuleni kabla yako. Nikaanza kukaa upande wa upepo. Mama Neema akahamishia kitanda chake chumba cha watoto.

"Si wewe," akaniambia. "Ni mguu."

"Mguu wa nani?"

"Ndiyo maana nimehama chumba na sijahama nyumba."

Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na kila jioni akirudi, aliuosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, amefunga kitenge puani, hasemi kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nasema. Mgonjwa ana adabu mbaya kuliko mlevi. Nilikuwa nalalamika maji yana moto, yana baridi, kitambaa kimekaza, kimelegea, na yeye amesimama tangu alfajiri.

Sasa wale wajuaji. Mtu akisikia una ugonjwa mkubwa anakuja kukuona, na akishakaa chini lazima akupe kitu, na kwa kuwa kichwani hana kitu anakupa ushauri. Alikuja shemeji yangu Masatu, ambaye anapima samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, na kwa hiyo anaelewa saratani. Akasema nisile sato. Akala sato wangu. Wakaja wanamaombi, wakaukemea mguu kwa sauti kubwa kwa muda mrefu, na mguu haukujibu. Akaja mmoja akaninong'oneza kwamba nimerogwa kwa wivu. Wivu wa nini? Nina redio nane ndani, saba ni za watu na zote ni mbovu. Mchawi mwenye akili timamu angeniruka aende nyumba ya pili. Nikawa nawaitikia wote, "Ahsante, nimesikia," na wakitoka nawaiga wanavyoongea mpaka Neema, binti yangu, anaangua kicheko. Hicho kilikuwa kipindi changu cha pekee cha furaha, nakiri, na kilikuwa cha kusengenya.

Nilienda hospitali ya Musoma masika yalipoanza, si kwa kushawishika, bali kwa sababu Mama Neema alifunga mlango kwa nje akaniacha barazani na cheti cha kliniki mkononi. Wakakata kinyama kidogo, wakakiweka kwenye kichupa, kikapelekwa mbali kupimwa. Kichupa kikasafiri kuliko mimi nilivyowahi kusafiri maisha yangu yote. Kila Jumanne narudi kuuliza. "Majibu bado, baba." Nikayajua mabenchi yale kwa majina. La pili kutoka dirishani lina msumari. La mwisho linayumba, lakini unaweza kunyoosha mguu.

Siku moja nzi walinizidi. Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kwa adabu ile ya kujifanya wanatafuta kivuli. Mama mmoja wa Murangi, aliyemleta mkwe wake, hakusogea. Alifungua kanga yake ya pili, akaufunika mguu wangu mpaka kifundoni, akaendelea kumenya kiazi chake. Akanikatia nusu. Hakuuliza jina wala ugonjwa. Nimekutana na wahubiri wengi, sijaona mahubiri mafupi kama yale.

Majibu yakaja: saratani ya ngozi, imeota kwenye kovu. Daktari wa Musoma, kijana mpole, akasema haijafika mfupani bado. Akaweka ukingo wa kiganja chake chini ya goti langu, akasema kawaida wangekata hapo. Kisha akasema kuna madaktari wanakuja hospitali moja pale Bunda na mashine, wanachoma dawa kwenye uvimbe halafu wanapitisha umeme kidogo ili dawa iingie. Kama nitawahi, tunaweza kujaribu hiyo kwanza.

Nikacheka. Nimepigwa umeme mara nyingi kuliko mtu yeyote Bweri, na sijawahi kutoka nikiwa na afya bora. Mama Neema hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kiganja cha daktari pale chini ya goti, bado hakijaondoka.

"Bunda lini?" akauliza.

Tulienda pamba zikiwa zinafunguka. Mjomba Wambura alitoka Butiama akatukuta pale pale, kwa sababu ndiye aliyesimama nyuma yangu siku ya jando, na kwa hesabu zake kila nikikatwa kitu anapaswa kuwepo. Kwetu siku ile huruhusiwi kupepesa jicho. Kisu kinapita na wewe unatazama mbele, ndugu wanakuangalia usoni, na ukitikisika aibu inakwenda mpaka kwa watoto wako. Sikutikisika. Ndicho kitu pekee nilichowahi kufanya maishani ambacho mjomba anakisimulia kwa watu.

Benchi la Bunda tulikaa na mzee mmoja mkulima wa Kabasa, Mzee Mafuru, mwenye uvimbe nyuma ya sikio. Yeye alikuwa anaogopa waziwazi, bila hata chembe ya haya. Anamuuliza kila anayetoka, "Inauma? Inauma sana? Niambie ukweli." Akaitwa kabla yangu. Haikupita muda tukasikia sauti yake ukutani:

"Dokta, ngoja! Nasikia! Bado nasikia hapo, ongeza sindano! Jamani, mimi bado nipo macho!"

Mjomba akasonya. "Huyo alitahiriwa na bibi yake."

Nilicheka mpaka bandeji ikasogea. Nilimdharau mzee yule kutoka moyoni, dharau safi ya mtu aliyekaa nje.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, Dokta Salome, anaongea haraka huku mikono ikifanya kazi nyingine. Alinieleza. Dawa ile ukiichoma tu, inazungukazunguka nje ya seli kama mgeni aliyebisha hodi akakosa mtu wa kumfungulia. Umeme wa kufumba na kufumbua unaitoboa seli vitundu, dawa inaingia, vitundu vinajifunga, dawa imebaki ndani inafanya kazi. Akasema wapo wanaojaribu kuingiza hata chanjo mwilini kwa njia hiyo hiyo.

"Na umeme ukikatika katikati?" mjomba akauliza kutoka mlangoni. Hilo lilikuwa swali zuri, lazima nimpe haki yake.

"Mashine inajaza chaji yake kabla, mzee. Kaa nje." Kisha akanigeukia. "Nakuomba kitu kimoja tu. Mguu utaruka wenyewe, huo ni msuli, usione haya. Lakini ukisikia maumivu sema. Ngozi yako hapa imekuwa ngumu, sijui mmeipaka nini, ganzi inaweza isifike vizuri. Nikishachoma dawa nina dakika chache, nikianza sisimami. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

Akachoma ganzi. Akagusa katikati ya kidonda kwa sindano, sikusikia kweli. Akagusa ukingo wa juu, nikaona nyota. "Unasikia?" Mlango ulikuwa nusu wazi. Ncha ya fimbo ya mjomba ilionekana chini, imetulia sakafuni. "Sisikii." Akanitazama. "Hapa?" "Sisikii." "Una uhakika, baba? Hapa juu pia?" "Dokta, mimi sisikii."

Mashine inalia kama simu isiyo na chaji. Mkononi ana kishikio chenye sindano zilizopangwa kama meno ya kitana, anazikita, anakanyaga pedali, na mguu unaruka kama chura. Katikati ya kidonda niliona hata inachekesha. Tulipofika ukingo wa juu ilikuwa kama ng'ombe amenikanyaga, akageuka, akanikanyaga tena akiwa na hasira. Niliuma kola ya shati. Na kila alipokita, mimi nikausogeza mguu kidogo, kidogo tu, hata mwenyewe nikawa kama sijui.

"Tulia, baba, unanikimbia."

"Ni msuli," nikasema. Kauli ya kisomi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ilikuwa uongo.

Nilitoka nikitembea kama bwana harusi. Mjomba akanipa mkono mbele ya watu wote. "Mwanaume," akasema. Nilimpita Mzee Mafuru, amekaa na bandeji sikioni anakunywa soda kwa mrija, nikamtikisia kichwa cha kumhurumia. Nikaenda nyuma ya ukuta karibu na geti, nikatapika mpaka kifungua kinywa cha juzi.

Miezi iliyofuata ni ya kiangazi, na naihesabu kwa ngozi. Wiki ya kwanza mguu ulivimba ukang'aa. Ya pili na ya tatu kidonda kikawa cheusi, gamba gumu, chini yake majimaji. Mama Neema anaosha. Karibu na wiki ya sita gamba likaanza kuachia pembeni, na siku lilipotoka lote tuliinama wote wawili kama watu waliodondosha sindano. Katikati palikuwa pasafi. Pekundu, pameingia ndani kama kisahani, lakini pasafi. Hakuna nyama, hakuna harufu. Mama Neema akateremsha kitenge kutoka puani. Kisha akaona ukingo wa juu.

Pale palikuwa na kinyama, ukubwa wa punje ya harage. Hai, kinanitazama.

Tukarudi Bunda, siku Dokta Salome aliyokuja kukagua wagonjwa wake bila mashine. Mzee Mafuru alikuwepo kwenye benchi, sikio limekauka, kovu dogo jeusi tu, anatafuna karanga. Akafurahi kuniona, mtu mzuri kiasi cha kuudhi. Akaomba kuona mguu. Akautazama, akakunja uso.

"Hapo juu hawakupafikia?"

"Walipafikia."

"Sasa ulivyosikia hukupiga kelele? Mimi nilipiga kelele mpaka nikaona haya baadaye. Lakini wanaongezaga ganzi."

Mama Neema alikuwa ananitazama upande wa uso.

Dokta Salome alifungua karatasi yangu, akasoma, akaweka kidole kwenye ule ukingo. "Nimeandika hapa: mgonjwa hana maumivu. Na nimeandika: mgonjwa anasogea. Nikadhani ni msuli, kama ulivyoniambia." Akanyanyua macho. "Ulisikia?"

Pale ndani tulikuwa yeye, nesi, mke wangu, na mimi mwenye suruali iliyokunjwa. "Nilisikia," nikasema.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu sindano ya kwanza ya hapo juu."

Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Baba, mimi siku ile nilikuwa natibu mguu. Wewe ulikuwa unatibu nini?"

Kisha akanieleza, taratibu safari hii. Mashine itarudi Bunda mara moja tu, vuli, halafu inakwenda mkoa mwingine. Atairudia sehemu ile. Ikikubali, vizuri. Isipokubali, kile kinyama hakisubiri. Kitashuka kwenye mfupa, na hapo daktari wa Musoma hatakuwa tena na cha kuchagua. Akaweka ukingo wa kiganja chini ya goti langu, mahali pale pale alipoweka yule kijana. Kumbe wanafundishwa darasa moja.

Tukarudi kukaa benchi kusubiri dawa. Mama Neema akasimama, akatoka nje mpaka getini, akakaa huko, akarudi. Nilijua anatafuta sentensi. Akaipata.

"Miezi yote hii," akasema, "kumbe nilikuwa naosha kidonda cha sifa."

Hakuongea nami mpaka tunafika Musoma, wala wiki ile yote. Aliendelea kuuosha mguu, maji ya chumvi, asubuhi na jioni, lakini kama anayeosha sufuria ya jirani. Siku ya nane akasema, akiwa amekamua kitambaa: "Ukienda tena ukamdanganya yule mama, usirudi hapa. Nenda kwa mjomba wako akupake bluu."

Nimeishi na dharau nyingi maishani, nyingi nikiwa nazitoa mimi. Hiyo ya kupokea, ya haki, kutoka kwa mtu aliyekushika kidonda, inakaa mahali pengine kabisa.

Mvua za vuli zilianza wiki tuliyoondoka. Bunda palikuwa tope, watu wamekunja suruali kama mimi, nikajisikia nyumbani. Mjomba Wambura alikuwepo tayari, koti lake la mvua, fimbo yake, ametafuta nafasi nzuri karibu na mlango kama anayekwenda kutazama mpira. Nilikuwa nimemwambia kwa simu asije. Akasema ananijua, nitahitaji mtu wa kunitia moyo.

Nesi akataka kurudishia mlango. "Acha wazi," nikamwambia. "Mlango wote." Mama Neema akasimama palepale kizingitini, katikati ya ulimwengu wangu wa ndani na ule wa mjomba.

Nilianza kupiga kelele kwenye sindano ya ganzi. Nilitaka nianze mapema nisije nikabadili mawazo. "Aah!" Ilitoka ndogo, kavu, kama ya mtu anayejaribu kipaza sauti kanisani. Ya pili ilikuwa bora. Dokta Salome akagusa ukingo wa juu.

"Unasikia?"

"Nasikia! Nasikia sana!"

Akaongeza ganzi. Akasubiri, akagusa. "Sasa?"

"Bado! Huku pembeni bado, dokta, hapo hapo!"

Nje nikasikia fimbo imehama. Akaongeza tena. Akasubiri, mara hii muda mrefu, akaniangalia usoni badala ya kuangalia mguu. Akagusa mara mbili, tatu, akauzunguka ukingo wote. Nikatafuta maumivu kwa uaminifu, kama anayetafuta funguo mfukoni. Hayakuwepo.

"Sasa sisikii," nikasema. Machozi yakatoka, sijui ya nini, maana kweli sikusikia kitu.

"Safi," akasema. Akachoma dawa, akakita kile kitana, mashine ikalia, mguu ukaruka. Sikuukimbiza. Akarudia, ukaruka. Ilipofika ya nne nikapiga ukelele mwingine kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea, na daktari akasita, mguu wake hewani juu ya pedali. "Maumivu?" "Hapana, dokta, samahani, hiyo ilikuwa ya akiba." Mama Neema akacheka. Miezi mingapi sikuwa nimesikia kicheko kile? Nesi naye akacheka, na mguu ukaruka tena tukiwa tunacheka.

Nilipotolewa nje benchi lilikuwa tupu. Mjomba alikuwa ameondoka kwenda Butiama bila kuaga, kwenye mvua, mzee wa miaka sabini na tatu. Nilitaka kusikitika. Nikaona nina njaa.

Gamba likaja kama la kwanza, mguu ukavimba kama mwanzo, maji ya chumvi kama mwanzo. Lilidondoka mvua zikiwa zimekatika, mwaka mpya umeshaingia. Tukainama tena wote wawili. Mama Neema akapitisha kidole ukingo mzima, akarudia, akauleta mguu dirishani kwenye mwanga, na mimi nikiwa nimeunganishwa nao nikafuata kwa kurukaruka. Pasafi. Yule kijana wa Musoma anautazama kila baada ya miezi mitatu, na mpaka ninapoandika saratani haijarudi. Hasemi imeisha, anasema haijarudi. Nimejifunza kulala vizuri juu ya neno hilo. Mama Neema naye amerudisha kitanda chake, bila hotuba.

Mguu wenyewe ni kituko. Una shimo kama bakuli la chumvi na michirizi myeusi kulizunguka, na baridi ikija unavuta. Sivai kaptura, si kwa haya, ni kwa kuwahurumia watu. Mjomba alikaa miezi bila kupiga simu. Mwezi uliopita akanitumia kibuyu cha maziwa ya mgando kwa mtu aliyekuwa anakuja Musoma, hakuna salamu, hakuna neno. Nimeyanywa yote na sijamshukuru. Ndivyo tunavyopatana kwetu.

Wewe mwenye kidonda, sina mengi. Umeme wenyewe si kitu cha kuogopa. Ni wa mara moja na unaisha, na wale wanaokuambia utachemsha damu hawajawahi kubadilisha hata fyuzi. Kama una kovu la zamani linalowasha, lipeleke lingali linawasha. Ya ng'ombe mwachie ng'ombe. Na daktari akikuuliza kama inauma, hiyo siyo jando, hakuna atakayesimulia ujasiri wako. Anauliza kwa sababu anataka kujua. Mwambie. Sema kwa sauti. Yule anayekuosha kidonda anastahili walau hicho.

Nilikuwa barazani juzi asubuhi, nimekunja suruali, nikimwonyesha mguu mteja aliyeleta redio na kumsimulia nilivyopiga kelele Bunda. Nimeshaigeuza kelele ile kuwa sifa, nadhani umeshanijua. Mama Neema akatupita na beseni la dagaa kichwani, kubwa, shingo imekaza, anaelekea sokoni kama kila siku. Ng'ambo ya uzio alikuwa jirani yetu Mama Bhoke, Mkurya, ambaye ananiitaga mura, yaani kijana, kana kwamba nimetoka kutahiriwa jana. Aliacha kufagia, akamtazama Mama Neema akipita, akanitazama mimi, akautazama mguu.

"Wewe mura," akasema, "mguu tumeuona, umepona, sasa uvalishe kiatu ukambebee mkeo hilo beseni."